Uliza Mwalimu: Koo za wafalme wa Wagiriki, nani alimuua nani na kwa nini

Wasomaji wangu wa Arusha na Moshi, hamjambo. Toleo lililopita niligusia wafalme wa hadithi za Wagiriki wa kale, mistari michache tu, nikadhani imeishia hapo, kumbe ndo nimefungua bomba. Barua na meseji zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyonayo, kwa hiyo nimechagua hizi sita, na pale penye mengi ya kusema nimesema kwa kirefu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi niko kidato cha tano hapa Arusha. Nimejaribu kusoma habari za Agamemnon ila nachanganyikiwa, kila nikifungua ukurasa mtu anamuua ndugu yake na mwingine analipiza. Nani alianza? Naomba unipangie. (Mwanafunzi, Sanawari)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo majina yatakukaa ukiyashika kwa ukoo, ukianzia kwenye vita ya Troy utapotea. Anza na Tantalus, baba wa babu yake Agamemnon. Huyu alikuwa mfalme kwenye mlima Sipylus, leo ni Uturuki, mtoto wa Zeus mwenyewe, mkuu wa miungu, na miungu walikuwa wanakaa naye meza moja. Kiburi kikampanda akataka kuwapima kama kweli wanajua kila kitu, akamchinja mwanae Pelops akampika akawaandalia. Miungu wote wakagundua isipokuwa Demeter, ambaye alikuwa na majonzi ya binti yake aliyepotea, hata hakuangalia anachokula, akamaliza bega. Wakamfufua mtoto wakamwekea bega la pembe ya ndovu, na Tantalus wakamtupa kuzimu asimame kwenye maji yanayofika kidevuni, akiinama anywe yanakauka, akinyoosha mkono achume tunda upepo unalisogeza.

Pelops alipokua akavuka bahari mpaka Pisa, jirani na Olympia, kutafuta mke. Baba wa binti, mfalme Oenomaus, masharti yake yalikuwa mashindano ya magari ya farasi, na mchumba akifikiwa anachomwa mkuki, na walishakufa zaidi ya kumi. Pelops akamhonga Myrtilus, dereva wa mfalme, atoe pini za magurudumu aweke za nta. Gari likasambaratika katikati ya mbio, mzee akafa, Pelops akaoa. Alafu Myrtilus alipodai alichoahidiwa akasukumwa baharini, na akiwa anaanguka akailaani nyumba nzima ya Pelops. Ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki mpaka leo inaitwa Peloponnese, yaani kisiwa cha Pelops, ni kwa jina la huyu huyu.

Watoto wake ni Atreus na Thyestes, na hapa soma taratibu. Waligombania kiti cha mji wa Mycenae, huko huko Ugiriki. Atreus alikuwa na mwanakondoo wa dhahabu kamfungia kwenye sanduku, mkewe Aerope akamchukua akampa Thyestes maana walikuwa na uhusiano wa siri, na Thyestes akasimama mbele za watu akasema mwenye mwanakondoo ndo awe mfalme. Zeus akaligeuza jua likazama mashariki kuonyesha mwenye haki ni Atreus, Thyestes akafukuzwa. Ingeweza kuishia hapo, lakini Atreus akamwita ndugu yake arudi wapatane, akamkaribisha chakula, na iliyokuwa kwenye sufuria ni nyama ya watoto wa Thyestes. Alipomaliza kula wakamletea vichwa na mikono. Ona sasa, babu alimpika mtoto na mjukuu naye kapika watoto.

Thyestes akabaki na mtoto mmoja aliyezaliwa baadaye, Aegisthus, na huyo akaja kumuua Atreus. Watoto wa Atreus ndo Agamemnon na Menelaus. Agamemnon akiwa amekusanya meli Aulis kwenda Troy upepo ukagoma, mtabiri Calchas akasema mungu wa kike Artemis anamtaka Iphigenia, binti wa mfalme. Akamtumia mkewe Clytemnestra ujumbe wa uongo, mlete mtoto anaolewa na Achilles, mama wa watu akamleta bibi harusi kumbe kisu kinamsubiri madhabahuni. Vita ikachukua miaka 10, na mama miaka yote hiyo anaiweka moyoni, na nyumbani kwake kaingia Aegisthus, yule yule mtoto wa Thyestes, kwa hiyo mume aliporudi hakumaliza siku, mkewe alimuua. Orestes, mtoto wa kiume, akakulia ugenini, akarudi akamuua mama yake, na Erinyes, yale mapepo ya kike yanayodai damu ya ndugu, yakamkimbiza mpaka Athens.

Mwaka 458 KK mtunzi wa tamthilia Aeschylus alipoiweka habari hii jukwaani alifanya jambo ambalo mimi kila nikilifikia naweka kitabu chini kwanza. Hakuleta mtu mwingine wa kuua. Alileta baraza. Raia wa Athens wakakaa kwenye kilima cha Areopagus, wakasikiliza pande zote mbili, wakapiga kura zikalingana, na mungu wa kike Athena akamwachia Orestes. Umeuliza nani alianza, ni Tantalus, ila na mimi naomba ukumbuke waliomaliza, watu waliokaa chini wakasikiliza kesi. Na ukikuta mshairi Homer anasimulia tofauti, kwamba Aegisthus ndo aliyemuua Agamemnon kwenye karamu, usidhani umesoma vibaya, Wagiriki wenyewe hawakuwa na toleo moja.

SWALI: Habari za kazi Mwalimu. Mimi nafanya udalali wa mawe hapa mjini Arusha, na wenzangu wananitania wananiita Midas. Huyo mfalme aliyekuwa akigusa kitu kinageuka dhahabu alikuwepo kweli au ni stori tu? (Dalali, Arusha mjini)

JIBU: Salama ndugu yangu. Stori yenyewe ni kwamba Dionysus, mungu wa mvinyo, alimpa Midas ombi moja kwa sababu alimtunza vizuri mlezi wake, mzee Silenus, akaomba dhahabu, na mkate wenyewe ukageuka dhahabu mdomoni mpaka akaomba aondolewe hiyo zawadi. Akaambiwa akaoge mto Pactolus. Mto huo upo, uko magharibi mwa Uturuki, na zamani mchanga wake ulikuwa kweli na dhahabu, kwa hiyo hadithi ilikuwa inaeleza dhahabu ya mtoni imetoka wapi, na wewe unayeuza mawe utakubali kwamba kila machimbo yana hadithi yake ya namna hiyo. Ile ya binti yake kugeuka sanamu ya dhahabu imeongezwa na mwandishi wa Marekani karne ya 19, kwa Wagiriki haimo.

Mtu mwenyewe inaelekea alikuwepo. Kumbukumbu za Sargon II wa Ashuru, mwishoni mwa karne ya 8 KK, zinamtaja mfalme Mita wa Mushki, na wataalamu wengi wanamwona kuwa ndo Midas wa Phrygia. Mwaka 1957 wanaakiolojia kutoka Marekani walifungua kaburi kubwa sana pale Gordion, kilima cha udongo kilichojengwa na watu, na leo wengi wanasema ni la baba yake. Ndani kuna chumba cha mbao, maiti ya mzee wa miaka sitini na kitu, samani za mbao zilizonakshiwa vizuri ajabu, vyombo vingi vya shaba, na dhahabu hakuna. Kwenye vyombo yamekutwa mabaki ya matanga, mchuzi wa mbuzi au kondoo na dengu, na kinywaji cha kuchanganya mvinyo, bia ya shayiri na pombe ya asali. Sisi wa mbege tunaelewa mzee aliagwa kwa heshima.

SWALI: Mwalimu habari za siku. Binti yangu alinisomea hadithi ya Antigone jikoni, nikashindwa hata kuendelea kupika. Hivi mfalme anawezaje kukataa mtu asizikwe? Na baba yao Oedipus kosa lake lilikuwa nini wakati hakujua? (Mama, Marangu)

JIBU: Nzuri mama, na pole, maana na mimi hadithi hii nikiifikia huwa nanyamaza. Tuanze na baba. Laius mfalme wa Thebes alitabiriwa kwamba mwanae atamuua, akakitoboa kitoto miguu akampa mchungaji akakitupe mlimani. Mchungaji akaona huruma akampa mwenzake, mtoto akafika Corinth akalelewa na mfalme Polybus kama wake, na jina lake lenyewe maana yake ni miguu iliyovimba. Alipokuwa mkubwa akaambiwa na kuhani wa Delphi kwamba atamuua baba na kumuoa mama, akakimbia Corinth ili asiwadhuru wale anaowajua kuwa wazazi, na kwenye kukimbia huko huko akakutana na mzee njiani wakagombana akamuua. Ni Laius. Akafika Thebes, akajibu fumbo la Sphinx, mji ukampa kiti na mjane wa mfalme. Ni mama yake.

Hakujua, ni kweli, na Wagiriki nao waliliona hilo ndo maana wanamlilia. Ila kwao damu ya baba ikimwagika ardhi imechafuka, iwe kwa kujua au bila kujua, kama vile mtu akikanyaga kaa la moto gizani, litamuunguza tu. Tauni ikaingia mjini, na mfalme mwenyewe ndo akaapa kumtafuta mwenye kosa, na aliendelea kuuliza hata pale mama yake alipomsihi aache. Nampenda Oedipus kwa hilo. Angeweza kunyamaza akabaki mfalme.

Sasa watoto. Eteocles na Polynices walikubaliana kutawala kwa zamu, mwaka mmoja mmoja, wa kwanza akakaa akagoma kutoka. Mama, wewe uko Marangu, ugomvi wa ndugu wawili kwenye kihamba kimoja sina haja ya kukueleza. Polynices akaenda Argos akarudi na jeshi na makamanda 7, kila mmoja na geti lake maana Thebes ilikuwa na mageti 7, na ndugu hao wakakutana geti moja wakauana. Kiti kikaenda kwa Creon, mjomba wao, ndugu wa mama. Creon akaamuru Eteocles azikwe kwa heshima, na Polynices aachwe kwa mbwa na ndege kwa sababu alileta jeshi la kigeni kwenye mji wake, na atakayemgusa atauawa.

Hoja ya Creon ilikuwa na uzito wake, mji umetoka vitani na mfalme anataka watu wajue kwamba anayeshambulia kwao hana heshima kwao. Lakini mjomba kwetu ni mtu wa kukimbilia, na hapo ndo panaponiuma. Antigone akatoka peke yake akammwagia kaka yake vumbi, akakamatwa, na mbele ya mfalme hakukana. Kwenye tamthilia ya Sophocles anasema kuna sheria za miungu ambazo hazikuandikwa na hakuna mfalme wa kuzifuta, alafu anasema neno zito zaidi, kwamba mume akifa unaweza kupata mwingine, hata mtoto unaweza kuzaa mwingine, ila wazazi wakishakufa kaka hapatikani tena. Akafungiwa kaburini akiwa hai, akajinyonga. Mchumba wake Haemon, ambaye ni mtoto wa Creon, akajiua, na mama yake Haemon aliposikia naye akajiua. Creon alipobadili mawazo alikwenda kumzika kwanza yule maiti, akamfuata binti baadaye, akakuta ameshachelewa.

Sisi huku watu wanakodi gari kutoka Dar, wengine wanasafirisha ndugu yao kutoka nje ya nchi kwa michango ya watu mia, ili alale kwenye migomba ya babu yake. Kwa hiyo binti yako akikuuliza Antigone alikuwa na haki ama la, nadhani unalo jibu tayari.

SWALI: Ticha mambo. Nimeangalia muvi ya vita vya Troy na ile ya Wasparta 300. Ipi ni kweli na ipi ya kutunga? (Bodaboda, Himo)

JIBU: Poa kijana wangu. Troy kama mji ipo, ni kilima kinaitwa Hisarlik kaskazini magharibi mwa Uturuki, na miji imejengwa juu ya magofu ya miji mingine, tabaka kuu 9. Mjerumani Heinrich Schliemann alichimba hapo kuanzia miaka ya 1870, mwaka 1873 akapata dhahabu akatangaza ni hazina ya Priam, mfalme wa Troy, kumbe ni ya zaidi ya miaka 1,000 kabla ya wakati unaodhaniwa kuwa wa vita hiyo. Mwaka 1876 akachimba Mycenae akapata barakoa ya dhahabu ikabandikwa jina la Agamemnon, nayo ni ya zamani kumzidi kwa karne kadhaa. Alikuwa na haraka sana, na kwenye haraka hiyo alikata kata matabaka ambayo leo tungeyahitaji. Hilo linanisikitisha.

Cha uhakika zaidi ni vibao vya udongo. Mwaka 1952 Mwingereza Michael Ventris, ambaye kazi yake ilikuwa usanifu wa majengo, alifumbua maandishi ya kale yanayoitwa Linear B, ikaonekana ni Kigiriki. Humo mfalme anaitwa wanax, na habari zake ni kondoo, mafuta, ngano, magurudumu ya magari ya vita, yaani ni daftari la stoo. Vibao vimepona kwa sababu majumba ya kifalme yaliungua na moto ukavikausha kama tofali. Na Wahiti, majirani wa Troy, wameacha mkataba wa mwaka kama 1280 KK na mtawala wa Wilusa anayeitwa Alaksandu, na ukijua Troy iliitwa pia Ilios, na Paris, yule mtoto wa Priam aliyemtorosha Helen mke wa Menelaus, aliitwa pia Alexandros, unaona kwa nini watu wanasisimka. Kwamba wafalme wenye nguvu walikuwepo na mji uliungua, sawa. Helen na farasi wa mbao hakuna kibao kinachowataja.

Leonidas, yule mfalme wa Wasparta 300, ni mtu wa kweli kabisa, alikufa Thermopylae mwaka 480 KK. Ila hata huyo, Sparta ilikuwa na wafalme wawili kwa wakati mmoja kutoka nyumba mbili, na zote mbili zilidai ni uzao wa Heracles. Shika hilo, tutalihitaji chini huko.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi mtu wa Pangani niko Moshi kikazi. Kwetu Liyongo Fumo hakufa kwa mkuki wala mshale, aliuawa na mwanae mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wagiriki wana mtu kama huyo? Watu wananiambia Achilles na kisigino. (Msomaji, Majengo)

JIBU: Marahaba. Achilles hafanani sana, aliuawa na adui. Wa kwako ni Nisus mfalme wa Megara. Alikuwa na shungi moja la nywele za zambarau, likiwepo mji hauanguki. Minos wa Crete akauzingira, binti wa Nisus aitwaye Scylla akampenda yule adui akimwangalia kutoka ukutani, usiku akalikata shungi la baba yake akiwa amelala. Hata mtoto wa Liyongo alisubiri baba alale. Na malipo yao yanafanana, mtoto wa Liyongo aliahidiwa kuozeshwa akaishia kuugua na kufa, na Scylla alifukuzwa na Minos, wengine wanasema alimfunga kwenye meli akamburuta baharini. Siri ya mwili wa mfalme anaijua aliye ndani ya nyumba.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesikia kwamba hao wafalme wa Wagiriki asili yao ni Afrika. Ni kweli au watu wanajifurahisha? (Msomaji, Soweto, Moshi)

JIBU: Marahaba. Hawajifurahishi, ni Wagiriki wenyewe walisema. Io, binti wa Inachus wa Argos, alipendwa na Zeus, akageuzwa ng'ombe na akakimbizwa na nzi mpaka Misri, na huko kando ya mto Nile akamzaa Epaphus. Epaphus akamzaa binti anaitwa Libya, na Libya akawazaa Belus na Agenor. Hapa ukoo unagawanyika. Agenor alihamia Foinike, Lebanon ya leo, watoto wake ni Europa, mama yake Minos wa Crete, na Cadmus aliyejenga Thebes, kwa hiyo hata Antigone wa mama wa Marangu ni wa mstari huu. Belus akabaki Misri akawazaa Aegyptus na Danaus, mmoja watoto 50 wa kiume, mwingine 50 wa kike. Danaus akamkimbia ndugu yake akatua Argos, akadai kiti kwa hoja moja tu, bibi yetu Io alitoka hapa. Wakati watu wanajadiliana mbwa mwitu akaingia kundini akamuua fahali, wakasema huyo aliyetoka nje ndo mwenye ushindi, wakampa.

Naomba uone alichokifanya hapo. Amekuja na ukoo kama mtu anavyokuja na hati ya shamba. Ndo kazi ya hizi nasaba zote, kujibu swali la nani ana haki ya kukaa hapa na kutawala. Kilwa walisimulia kwamba sultani wao wa kwanza ni mtoto wa mfalme wa Shiraz aliyekinunua kisiwa kwa nguo, na huku mlimani koo kibao zinasimulia walitoka Ukambani, Taita, Usambara au kwa Wamasai. Kwa hiyo usiichukue nasaba ya Danaus kama kipimo cha DNA, lakini usikubali pia mtu akuambie Afrika imebandikwa juzi. Mwanahistoria Herodotus, karne ya 5 KK, ameandika waziwazi kwamba ukiwafuatilia wafalme wa Wadori, kabila la Wasparta, kurudi nyuma kumpita Danae, utakuta ni Wamisri. Na Leonidas wa bodaboda wetu wa Himo alikuwa wa ukoo huo huo.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka kwa Danaus unafika kwa Danae, mama yake Perseus, aliyejenga Mycenae. Perseus akirudi na kichwa cha Medusa alipita Ethiopia ya mfalme Cepheus, ambayo kwa Wagiriki ilikuwa nchi yote ya watu weusi kusini ya Misri, sio lazima mipaka ya leo. Malkia Cassiopeia alijisifu uzuri kuwazidi mabinti wa baharini, Poseidon akaleta dude la bahari, na binti yao Andromeda akafungwa mwambani aliwe. Perseus akaliua, akamuoa, na Heracles ni kitukuu wa ndoa hiyo. Na wakati Troy inaelemewa, mfalme aliyekuja kumsaidia Priam alikuwa Memnon wa Ethiopia, mtoto wa kaka yake, shujaa mzuri wa sura kuliko wote walioonekana pale, aliyekufa mikononi mwa Achilles, na umande wa asubuhi wakasema ni machozi ya mama yake Eos, mungu wa alfajiri.

Familia hiyo ya Ethiopia unaweza kuiona bila kutoka Moshi. Mwisho wa mwezi wa 11, kama mawingu ya vuli yamefunguka, toka nje saa tatu usiku ugeukie mlima. Juu ya Kibo kuna nyota tano zimekaa kama herufi M, huyo ni Cassiopeia. Mumewe Cepheus yuko kushoto, chini kabisa karibu na mlima. Andromeda yuko juu ya mama yake, na Perseus yuko mkono wa kulia.